Kumpandisha mzazi ndege ya ghorofa mbili: mwongozo kwa wanaoanzia KIA

Mama yangu ana miaka sabini na moja. Maisha yake yote ni Kibosho, kwenye migomba na kahawa, na safari ndefu aliyoizoea ni ya basi kwenda Dar es Salaam. Mdogo wangu alipojifungua huko Manchester, tulikaa kikao cha familia tukakubaliana mama aende kumwona mjukuu na mimi nimsindikize. Saa nyingi za safari ile tulikuwa ndani ya Airbus A380, ndege ya ghorofa mbili, daraja la kawaida. Tangu turudi nimeulizwa maswali na majirani, na wenzangu kanisani, na hata mtu tuliyekaa naye kwenye Noah kwenda Arusha. Majibu yangu ni haya, kwa mpangilio wa safari yenyewe.

Kwanza lile swali la kila mtu: hapana, A380 haitui KIA, yaani uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, na hakuna shirika linaloileta Tanzania kwa ratiba. Uwanja wetu ulifunguliwa mwaka 1971 na unapokea ndege kubwa za kutosha, ila hii utaikuta mbele ya safari. Kwa mtu wa kwetu njia zinazojulikana ni mbili. Unaweza kuruka KIA hadi Doha, na kutoka Doha shirika la Qatar Airways limekuwa likitumia A380 kwenda London. Au unakwenda Dar es Salaam kwanza, halafu Dubai, ambako Emirates ndiyo yenye ndege hizi nyingi kuliko shirika lolote duniani. Sisi tulipita Dubai.

Unajuaje kama utapanda hiyo ndege? Kabla hujalipa, mwambie wakala akuonyeshe aina ya ndege kwenye kila kipande cha safari. Ikiandikwa A380 au namba 388, ndiyo yenyewe. Ikiandikwa 77W, hiyo ni Boeing 777. Shirika lina haki ya kubadilisha ndege hata siku ya mwisho, kwa hiyo angalia tena siku mbili kabla ya kuondoka, maana ndege ikibadilika, namba ya kiti chako inaweza kubadilika pia.

Tiketi iwe moja

Hili nililipia kwa uchungu katika safari yangu ya kwanza, kabla ya hii ya mama. Wakala mmoja aliniuzia tiketi mbili zilizoachana: moja ya KIA hadi Dar, nyingine ya Dar kwenda ng'ambo. Jumla yake ilikuwa nafuu, nikafurahi. Siku yenyewe ndege ya kutoka KIA ikachelewa. Nilipofika Dar ilibidi nisubiri begi langu, nilitoe nje, nitafute kaunta ya safari za nje, na kaunta nikaikuta imefungwa. Yule wa tiketi ya pili hakuwa na kosa lolote, kwa sababu kwenye mitambo yake mimi nilikuwa tu abiria ambaye hakutokea. Nikanunua tiketi upya.

Safari yote ikiwa ndani ya tiketi moja, yenye namba moja ya kuhifadhi nafasi, begi linaandikiwa KIA hadi mwisho, na kipande cha kwanza kikichelewa ni jukumu lao kukutafutia ndege nyingine. Muulize wakala maneno haya haya: "Begi langu nitalichukulia wapi?" Akikwambia Dar au Dubai, tiketi hizo zimeachana. Kwa mzazi anayesafiri peke yake, usikubali kabisa, hata bei iwe tamu kiasi gani.

Mkiwa bado hapo kwa wakala, soma nafasi kati ya ndege na ndege. Saa moja na nusu kijana mwepesi anaiweza. Mama yangu asingeiweza. Uwanja wa Dubai ni mkubwa, na kuna kutembea, kupanda lifti, kupanda treni ndogo ya ndani na kukaguliwa tena. Mpe mzazi saa tatu hivi. Saa nane za kukaa kwenye viti vya chuma nazo ni mateso.

Saa ya tiketi na saa yetu

Watu wazima na akili zao wameachwa na ndege kwa sababu ya hili. Tiketi haihesabu saa kama tunavyohesabu sisi. 07:00 ni saa moja asubuhi, 16:40 ni saa kumi na dakika arobaini jioni, 23:30 ni saa tano na nusu usiku. Hadi hapo wengi wanakwenda sawa.

Balaa liko kwenye tarehe. Tiketi ikisema 02:25 tarehe 15, hiyo ni saa nane na dakika ishirini na tano usiku wa kuamkia tarehe 15. Nyumbani unaondoka tarehe 14 jioni. Kwetu usiku ule bado tunauita usiku wa tarehe 14, na hapo ndipo mtu anapojipanga kuondoka tarehe 15 jioni, ndege ikiwa imeshafika ng'ambo. Chukua kalamu, andika juu ya karatasi ya tiketi kwa maneno ya nyumbani: "Tunatoka Kibosho Alhamisi saa kumi na moja jioni." Karatasi hiyo ibandike ukutani.

Saa zote za tiketi ni za mahali ndege ilipo. Doha na sisi saa ni moja. Dubai wametutangulia kwa saa moja. Uingereza wako nyuma yetu kwa saa mbili majira yao ya joto, na saa tatu majira ya baridi.

Kiti

Nitakaa hapa kidogo, maana ndiyo kazi kubwa ya mwongozo huu. Kiti utakachompa mzazi ndicho kitakachoamua kama atakunywa maji, na maji na miguu ndivyo vitakavyoamua atashukaje upande wa pili. Wengi tunamtafutia mama dirisha "aone mawingu". Mimi pia nilitaka hivyo, na nashukuru dada mmoja wa ofisi ya tiketi aliyenishauri vingine.

Ghorofa ya chini ya A380 ina viti kumi kwa mstari: vitatu kushoto, vinne katikati, vitatu kulia, na njia mbili za kupita. Herufi zake ni A B C, kisha D E F G, kisha H J K. Herufi I huachwa ili isichanganywe na namba moja. Mtu wa dirishani, A au K, akitaka kwenda chooni lazima aamshe watu wawili. Na mzee wa kwetu mwenye adabu zake haamshi watu wawili wageni usiku wa manane. Atajibana. Ili asijibane, ataacha kunywa maji na atakaa bila kusimama, na hapo ndipo miguu inapovimba.

Kwa hiyo mpe D au G, viti vya pembeni katika lile kundi la wanne. Kiti cha pembeni kwenye watatu, yaani C au H, nacho kiko njiani, ila hapo atasumbuliwa na wawili wanaotaka kupita. Akiwa D, wa kumsumbua ni mmoja tu, E, maana F ataombea njia kwa G. Na E awe wewe. Sisi tulikaa hivyo, na mama alisimama alipotaka, bila kumwomba mtu radhi.

Epuka mstari wa mwisho kabisa, kwa sababu mara nyingi viti vyake havilali vizuri na watu wanaongoja choo husimama kichwani pako. Viti vya mbele ya ukuta vina nafasi ya miguu, ila mikono yake haiinuki na begi dogo haliruhusiwi kukaa chini wakati wa kuruka na kutua. Hapo ndipo wenye watoto wachanga hupewa kitanda cha kuning'inia, kwa hiyo jiandae kusikia vilio. Na viti vya mlango wa dharura hapewi mzee, mjamzito wala mtoto, kwa sababu anayekaa pale ndiye atakayetakiwa kusaidia kufungua mlango.

Na ghorofa ya juu je? Inategemea shirika na mpangilio wa ndege yenyewe. Kwenye ndege nyingi za Emirates, juu ni kwa waliolipia daraja za juu na sisi wa kawaida tunaijaza ya chini yote. Lakini Emirates hiyo hiyo ina A380 za viti 615 zisizo na daraja la kwanza, na humo nyuma ya ghorofa ya juu wapo watu wa kawaida. Qatar na British Airways nao wameweka viti vichache vya kawaida huko juu. Ukivipata, ni viwili, vinne, viwili, na aliye dirishani ana kisanduku cha kuwekea vitu kati yake na ukuta. Mkiwa wawili, mtu na mkewe au mtu na mama yake, hivyo viwili vya pembeni ni raha. Sharti muwahi kuvichagua.

Mashirika mengi hutoza pesa ukichagua kiti mapema kwenye tiketi ya bei ya chini. Usipolipia, subiri uandikishaji wa mtandaoni ufunguliwe, kwa kawaida saa 24 au 48 kabla ya ndege kuondoka, na uwe macho dakika ile ile. Mimi kwa mama nililipia, na nikilinganisha na gharama nyingine zote za safari ile, ndiyo pesa ninayoikumbuka kwa shukrani.

Kwa upana, kiti cha A380 daraja la kawaida ni sentimita 46 hivi, wakati 777 yenye viti kumi kwa mstari hukaa kwenye 43. Sentimita tatu unaziona ndogo hadi ukae saa saba umegusana mabega na mtu mnene. Nafasi ya magoti ni ile ile, hapo usitarajie muujiza. Sauti ya injini ndiyo iliyonishangaza, kwa sababu ndege hii ni tulivu kiasi kwamba unamsikia mtu anayekoroma mistari mitatu mbele.

Kiti cha magurudumu, na chakula

Msaada wa kiti cha magurudumu viwanjani hautozwi, na kuuomba hakumaanishi mzazi ni mlemavu. Maana yake ni kwamba hawezi kutembea kilomita nzima ndani ya jengo. Omba wakati wa kununua tiketi, au walau saa 48 kabla. Kuna herufi za kuangalia. WCHR ni mtu anayepanda ngazi mwenyewe ila hawezi mwendo mrefu. WCHS ni mtu asiyeweza ngazi. Tofauti hii kwetu ni kubwa kuliko kwingine, kwa sababu KIA unatembea kwa miguu uwanjani na kupanda ndege kwa ngazi za nje. Mzee wa magoti akiandikwa WCHR, atafikishwa chini ya ngazi, halafu hapo aanze kuhangaika mbele za watu. Sema ukweli wa magoti yake mapema.

Chakula maalumu kinaombwa saa 24 kabla au zaidi. DBML ni cha mwenye kisukari, MOML ni cha Mwislamu. Wenye chakula maalumu huletewa kwanza, na kwa mgonjwa wa sukari anayekula kwa saa hilo ni jambo kubwa.

Begi dogo na begi kubwa

Begi la mkononi kwa daraja la kawaida mashirika mengi ya njia yetu yanataka lisizidi kilo saba. Pima nyumbani. Ndani yake weka dawa zote za safari nzima pamoja na barua ya daktari, insulini ikiwemo, kwa sababu sehemu ya mizigo insulini inaweza kuganda ikaharibika. Weka pia miwani, nguo moja ya kubadili, soksi, mafuta ya mgando kopo dogo, chupa tupu ya maji, na kanga mbili. Kanga nazitilia mkazo. Blanketi la ndege ni jepesi, na kanga inageuka shuka, mto, pazia la kubadilishia, na kitambaa cha kufunika macho. Mama aliitandika moja begani kama alivyozoea, akatulia.

Vimiminika vya mkononi visizidi mililita 100 kila kimoja, vyote ndani ya mfuko mmoja angavu wa lita moja. Asali inahesabiwa humo, na mafuta ya parachichi pia. Pawabenki hukaa begi la mkononi, marufuku kuiweka kwenye begi kubwa, na mashirika mengine sasa yamekataza hata kuitumia mkiwa hewani.

Mama alitaka kumpelekea binti yake nyama ya mbuzi iliyokaushwa na kibuyu cha maziwa mgando. Nilimweleza kwa upole, na siku mbili nzima hakufurahi: Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya hazipokei nyama wala maziwa kutoka kwa abiria wa kwetu, vitachukuliwa na kutupwa. Kahawa iliyokaangwa na kusagwa ilipita bila neno. Harufu yake ilijaa begi zima, na mdogo wangu alipolifungua alilia kabla hajaona zawadi nyingine.

Koti zito usinunue dukani. Soko la Memorial pale Moshi utapata makoti ya mitumba yaliyoshonwa kwa baridi ya huko huko Ulaya. Mzazi alivae au alishike mkononi, lisile kilo za begi.

Begi kubwa lifunge kipande cha kitenge kwenye mpini. Mabegi meusi yanafanana, na ndege moja ya hii inashusha watu zaidi ya mia nne kwa mpigo.

Siku ya kuondoka

KIA ipo kilomita 40 hivi kutoka Moshi na kilomita 50 hivi kutoka Arusha, na kutoka njia panda kwenye barabara kuu bado kuna kilomita sita kuingia ndani. Gari la abiria litakushusha njia panda, umalizie na bodaboda. Kwa kijana mwenye begi la mgongoni ni sawa, kwa mzazi mwenye masanduku kodi gari. Uwe uwanjani saa tatu kabla. Anayetoka Arusha aongeze muda siku za soko Tengeru, na wote tuongeze muda mwezi Desemba, wakati nusu ya Dar es Salaam iko barabarani inakwenda kula Krismasi Uchagani.

Kwenye kaunta hakikisha mawili: kijitambulisho cha begi kimeandikwa jina la uwanja wa mwisho, na pasi za kupandia umepewa za vipande vyote. Mzazi anayesafiri peke yake mpe karatasi moja yenye jina lake, anwani na simu ya anakokwenda, dawa anazotumia, na namba ya ndege zake. Akipotea, anaonyesha. Hahitaji kusema Kiingereza.

Kuingia kwenye ndege yenyewe

Mtakapoiona kupitia kioo, simameni muiangalie, muda upo. Kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ni karibu mita 80. Ukiilaza pale uwanja wa mpira wa Ushirika, Moshi, mabawa yangevuka mistari ya pembeni ya mpira. Mkia uko mita 24 juu ya ardhi. Uzito wake inapoanza kukimbia unaweza kufika tani 575, na injini nne ndizo zinazoinua mzigo huo. Mama alishika kioo akasema tu, "Mwanangu, Mungu awabariki walioitengeneza." Iliruka mara ya kwanza Toulouse, Ufaransa, Aprili 2005, ikaanza kubeba abiria Oktoba 2007, na ya mwisho ilikabidhiwa Desemba 2021. Zilitengenezwa 251 za kukabidhiwa wateja, na hawatengenezi tena. Kwa hiyo anayetaka kumpandisha mzazi wake ndege hii asiahirishe miaka mingi.

Kupanda kunachukua muda mrefu, hata dakika 45. Kila ghorofa ina mlango wake, kwa hiyo soma bango na umwonyeshe mhudumu pasi yako. Wenye kiti cha magurudumu na wenye watoto huitwa kwanza. Ukisikia mwito huo, usione aibu, nenda.

Ukikaa, hesabu viti kutoka kwako hadi mlango wa karibu, mbele na nyuma, kwa kugusa. Moshi ukijaa hutaona. Mwaka 2006 huko Hamburg walijaribu kuwatoa watu 873 ndani ya ndege hii, gizani, kwa kutumia nusu ya milango tu. Walitoka wote kwa sekunde 78. Waliweza kwa sababu hakuna aliyebeba begi. Mwambie mzazi wako waziwazi: likitokea la kutokea, mkoba unabaki, hata kama pesa zote zimo.

Kwenye skrini iliyo mbele ya kiti tafuta kamera ya mkiani, A380 nyingi wanayo. Mama aliangalia ndege ikikimbia kwenye njia yake kama anaitazama kwa nyuma kutoka juu ya mti, hadi taa za mji zikaanza kushuka chini. Mikono ilikuwa imeshika kanga kwa nguvu. Ilipotulia angani, akaiachia.

Maji, choo na miguu

Hewa ya ndani ya ndege ni kavu sana, na inashindiliwa ilingane na hewa ya mahali pa juu, isiyozidi mita 2,400 hivi. Wa kwetu tutaelewa haraka: lango la Marangu la kupandia Mlima Kilimanjaro liko karibu mita 1,900, na kituo cha kulala cha Mandara mita 2,700. Ni kama kukaa kitini saa saba mahali fulani kwenye njia hiyo ya msituni. Mzima hapati shida. Mwenye moyo, mapafu au damu pungufu amwone daktari kabla ya kukata tiketi, iwe hospitali ya KCMC au ya Mount Meru, na amwambie wazi ni safari ya saa ngapi.

Mama alikataa maji mara mbili. Mara ya tatu nikamuuliza kwa nini. Akanivuta sikio karibu: aliingia choo cha ndege ya kwanza, akabonyeza, na ule mlio wa kuvuta ulimtisha hata akaapa hatarudi. Kumbe saa nane nzima alikuwa anavumilia. Nikamsindikiza. Nikamwonyesha jinsi mlango unavyokunjika kwa ndani, jinsi taa inavyowaka ukisukuma komeo, na kwamba unafunika kifuniko kwanza ndipo ubonyeze, mlio unapungua. Alipotoka alikunywa glasi mbili kwa mfululizo. Tafadhali mwonyeshe mzazi wako choo mapema, kabla hajaanza kuvumilia.

Glasi moja ya maji kila saa inatosha. Pombe ipo bure, lakini inakausha mwili, mzee aiache. Mafuta ya mgando paka midomoni na ndani kidogo ya pua.

Sasa miguu. Ukikaa saa nyingi bila kusogea, damu inatulia kwenye vigimbi vya miguu, na inaweza kuganda. Donge hilo likipanda hadi mapafuni linaua. Hatari huanza kuonekana kwa safari zinazozidi saa nne, na huwa kubwa zaidi kwa mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye saratani, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, na aliyewahi kuganda damu. Hao waulize daktari kuhusu soksi za kubana na dawa. Wasijipe aspirini wenyewe.

Nilijaribu kumweleza mama mazoezi ya miguu kama yalivyochorwa kwenye jarida la ndege, hayakuingia. Ndipo nikakumbuka cherehani yake ya kukanyaga, iliyotulipia ada sisi wote. Nikamwambia, "Mama, kanyaga cherehani." Akacheka, akaanza: kisigino chini, kidole chini, kisigino, kidole, mwendo ule ule wa kushona sare za shule. Kigimbi kinajibana na kuachia, damu inapanda. Dakika tano kila saa. Na kila baada ya saa mbili tulizunguka: njia ya kushoto kwenda nyuma, kukata jikoni mwa wahudumu, kurudi kwa njia ya kulia. Ngazi za kwenda ghorofa nyingine msizipande, kwa kawaida ni za wa daraja lingine. Viatu legeza, ila chooni ingia navyo.

Mkanda ufunge juu ya kanga, sio chini yake. Wahudumu wakipita usiku wanauona na hawamwamshi. Ndege hii kwa uzito wake haitikisiki ovyo, lakini ikitikisika, aliyefungwa yuko salama. Inapoanza kushuka, pipi au kumeza mate kunafungua masikio. Mtoto mchanga anyonyeshwe.

Kushuka

Msikimbilie kusimama, milango inachukua muda na mwenye kiti cha magurudumu hushuka mwishoni. Kama mnabadilisha ndege na muda ni mfupi, mwambieni mhudumu saa moja kabla ya kutua. Foleni ya uhamiaji itakuwa ndefu, na msukuma kiti mara nyingi hupitishwa njia yake. Shikamana naye.

Hadi wiki chache baada ya kufika mwangalie mzazi vigimbi vya miguu. Miguu yote miwili kuvimba kidogo ni kawaida, huisha ndani ya siku moja au mbili. Mguu mmoja ukivimba peke yake, ukauma, ukawa na joto, au akianza kuhema na kifua kumbana, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali, na neno la kwanza umwambie daktari ni kwamba ametoka kwenye ndege.